Usiahirishe: Helsinki ya Januari inatembelewa vizuri tu

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji wangu wa siku nyingi kaniandikia inboksi. Visa ya Schengen, ile moja inayoingia nchi nyingi za Ulaya, imetoka, tiketi kakata ya katikati ya Januari kwenda Helsinki, mji mkuu wa Finland, kwa sababu ndo bei iliyokuwa chini, na tangu aseme nyumbani hana amani. Shangazi anamwambia atarudi na nimonia, bosi anamwambia ataenda kuona giza tu, shoga zake wanamwambia asubiri Juni kama watu wengine. Anauliza afanyeje. Nimemjibu neno moja, nenda, lakini nikaona jibu hilo fupi sana na wengi mnaniuliza hilohilo, basi ngoja nilieleze lote hapa.

Mimi Helsinki nimeiona kwa mara ya kwanza Januari, peke yangu, na naitetea safari ile mbele ya yeyote.

Nilikuwa na mwenyeji jamani. Ndugu kabisa, tumekua pamoja Tanga, tumekula sahani moja, tumechapwa siku moja kwa kosa moja. Miaka yote alikuwa ananiambia njoo, wewe njoo tu, kwangu ni kwako. Siku nilipomwambia nimepata tiketi na ni ya Januari maneno yakaanza kugeuka, oh huku saizi baridi ni kali, oh mwezi ule nakuwa bize, oh wewe hutaiweza. Baadae simu ikawa haipokelewi, meseji zinasomwa hazijibiwi. Mpaka leo hajawahi kunieleza nilimkosea nini. Nimemsamehe, nasema kweli nimemsamehe, ila nikikumbuka bado panauma. Na kwenye grupu la familia wapo waliocheka waziwazi, kwamba huyu anaenda kuganda, atarudi kwenye jeneza. Nililia usiku ule, asubuhi nikaamka, nikatafuta hosteli karibu na stesheni kuu, nikalipia kwa kadi yangu mwenyewe, afu nikaingia mjini kutafuta nguo.

Kwahiyo tuanze na nguo, maana hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Baridi haimuumizi mtu kwa kuwa baridi, inamuumiza kwa kuwa kavaa vibaya. Usinunue koti moja zito la kutisha ukavaa juu ya tisheti ya pamba ukadhani umemaliza. Pamba ukitokwa jasho inalowa na haikauki haraka, ukisimama tu kituoni ile unyevu inakupoza mgongo. Unavaa kwa tabaka: ndani kabisa nguo ya kubana ya sufu, juu na chini, juu yake sweta la sufu au flisi, na nje kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji. Ukiingia dukani au kwenye treni unavua moja moja, maana ndani kule kuna joto la kutosha, nyumba zao zinapashwa moto na madirisha yana vioo vitatu, kwahiyo usije ukavaa yote ukashindwa kuyavua. Makoti yangu nimeyapata kwenye mitumba hapa Dar, Ilala pale, kwa sababu mabelo yanatoka hukohuko kwao na makoti mazito huku hayana mnunuzi, wauzaji wanakuachia kwa bei ya huruma. Kilichobaki nilimalizia kulekule Helsinki, nao wana mitumba yao, maduka ya UFF yamo mjini na ni masafi na hakuna anayekutazama mara mbili. Sweta la sufu nililonunua pale bado ninalo.

Buti chukua saizi moja zaidi ya yako ili soksi nene iingie na vidole vipate nafasi ya kucheza, ukibana vidole damu haipiti na mguu unakufa ganzi. Dada zangu mnaovaa hijabu, vaeni kofia nyembamba ya sufu chini ya mtandio, mtanishukuru, masikio yanakuwa salama na skafu unaifunga shingoni juu ya kila kitu. Mafuta ya mgando yawe mfukoni siku nzima, mdomo na pua na vifundo vya vidole vinapasuka. Mafuta yangu ya nazi yaliganda kwenye chupa yakawa jiwe, ikabidi niwe naiweka chupa juu ya kile chuma cha kupasha joto chumbani asubuhi ndo niyapate. Na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, chaji inashuka ghafla ukiwa nje, unapiga picha mbili tatu inazima, na bila simu huna ramani wala tiketi.

Sasa mwanga. Hili ndo jambo lenyewe, mengine yote yanafuata hapa. Watu wanawaambia kule ni giza saa ishirini na nne, si kweli kwa Helsinki. Kusikotoka jua kabisa ni kaskazini ya mbali, kule Utsjoki, karibu miezi miwili. Helsinki siku fupi kuliko zote ni karibu na tarehe 21 Desemba, mchana haufiki hata masaa sita, jua linatoka saa tatu na nusu kasoro asubuhi na kuzama saa tisa na robo hivi. Katikati ya Januari linatoka saa tatu na kitu na kuzama saa kumi kasorobo. Mwezi ukiisha mchana umeshakaribia masaa nane, kila siku unaongezeka dakika kadhaa na unauona ukiongezeka. Mimi niliujua udogo wa siku kwenye swala. Nimesali adhuhuri, nimekaa nimekunywa chai, alasiri hiyo imefika, natoka natembea mitaa miwili mitatu ya mji, magharibi hiyo. Swala tatu ndani ya masaa matatu hivi, afu usiku mrefu mbele yako. Saa sita mchana jua lenyewe liko chini kule mwisho wa barabara, kivuli changu kimelala mpaka ng'ambo ya pili kama nyumbani linapokaribia kuzama, na majengo yote yana rangi ya dhahabu. Mpiga picha anaipata kule mchana kutwa ile rangi ambayo huku unaivizia dakika chache.

Kwahiyo ratiba yako ipange kwa jua. Ukilala mpaka saa nne umekula karibu saa nzima ya mwanga wako. Amka na giza, oga, kunywa chai, uwe mlangoni mwanga unapoanza, na mambo mengi ya nje yafanye kabla ya saa nane mchana. Ndani weka baada ya hapo. Narudia, nje kwanza, ndani baadae. Na usikimbilie ndani jua likizama, kwa sababu kule halizami kama letu linaloanguka tu ghafla, linateleza kwa mshazari, baada ya kuzama kunabaki mwanga wa buluu karibu saa nzima, theluji yote inakuwa buluu na taa za madirishani zimewaka za njano. Nenda ukasimame uwanja wa Senaatintori wakati huo, mbele ya lile kanisa kuu jeupe lililokamilika 1852, ngazi zimejaa theluji, hakuna umati wa watalii, uwanja wote wako. Hao wa Juni hawaioni hii. Mwanzoni mwa Januari kuna na tamasha la taa, Lux Helsinki, wanawasha michoro ya mwanga kwenye majengo ya mji, bure, tarehe zikiangukia humo usilikose.

Kama una siku moja tu ya nje ipeleke Suomenlinna. Ni ngome kwenye visiwa mbele ya mji, walianza kuijenga Waswidi 1748 wakati Finland iko chini yao, Warusi wakaichukua 1808, na tangu 1991 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Sisi watu wa pwani tunazijua ngome, ila hii ina watu kama mia nane wanaishi humo hadi leo na watoto wanakwenda shule. Boti inaondokea pale sokoni Kauppatori karibu na ikulu ya rais, robo saa tu umefika, na tiketi ni ileile ya tramu, usikubali kununua safari ya boti ya bei ya juu kabla hujaijua hii. Siku niliyokwenda mimi bahari ilikuwa imeganda. Nimezaliwa kando ya bahari, sijawahi kufikiria kwamba bahari inaweza kusimama. Boti ikaondoka, nikabaki nje kwenye ubavu nimeshika chuma kwa glavu, chini yangu barafu ikawa inapasuka vibamba vibamba, vibamba vinapanda juu ya vyenzake na kuteleza, sauti yake ni kusaga, kusaga kuzito kunakosikika mpaka kwenye nyayo za miguu, na nyuma yetu ile njia nyeusi ya maji tuliyoikata ikaanza kujaa vipande tena. Wenyeji wote walikuwa ndani wanasoma simu zao. Mimi nililia tena, ila safari hii kwa sababu nyingine, nikasema Alhamdulillah, ningeahirisha nisingeliona hili. Huko kisiwani upepo ni mkali, hasa ukielekea mwisho wa ngome kwenye lango la mfalme, kwahiyo tabaka zote, na ukichoka mna sehemu za kuingia kunywa kahawa.

Mchana ukiisha ingia Oodi. Ni maktaba, iko karibu kabisa na stesheni kuu, inatazamana na bunge, waliifungua Desemba 2018 siku moja kabla ya sikukuu yao ya uhuru. Usiniambie hukwenda Ulaya kusoma vitabu. Ingia. Haina kiingilio, haina mlinzi wa kukuuliza unatafuta nani. Ghorofa ya kati kuna cherehani na mashine za kuchapa vitu, watu wa kila rangi wanazitumia bure, nilimkuta mama mmoja anapinda mapazia yake taratibu kana kwamba yuko sebuleni kwake. Ghorofa ya juu ni nyeupe yote, vioo pande zote, vitabu, watoto wanatambaa. Nilikaa pale jioni nyingi nikiandika, nachaji simu, nakausha glavu. Kwa mtu mwenye bajeti ya kubana kama sisi, sehemu ya joto ya kukaa bila kulazimika kununua kitu ni mali. Maji nayo usinunue, ya bomba yanatoka ziwa Päijänne kwa handaki la kilomita 120 lililochimbwa kwenye mwamba na ni matamu kuliko mengi ya chupa, beba chupa yako ujaze.

Na sauna, kile chumba cha joto kali cha kukaa utoke jasho. Wengi mnaogopa hapa, na mnauliza kwa kunong'ona, kwahiyo nasema wazi. Ukienda sauna za zamani kama Kotiharju kule mtaa wa Kallio, ipo tangu 1928 na inachoma kuni, wanawake wana sehemu yao na wanaume yao, hamuonani. Zipo na za kisasa kama Löyly ambako wanachanganyika na nguo za kuogelea, chagua kulingana na dini yako na moyo wako. Mimi nilikwenda ya zamani. Nje barabarani nilipita wanaume wamekaa na taulo tu kwenye ile baridi wanapoa, moshi unawatoka mabegani, nikateremsha macho nikaingia upande wetu. Ndani wanawake wako kama walivyozaliwa, wazee kwa vijana, hakuna anayemkagua mwenzie. Nilijifunga kanga yangu na hakuna aliyesema kitu. Ngazi za saruji zinapanda juu, ukipanda joto linazidi, nikakaa ya chini. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe akanitazama, akaonyesha kwa kidole kama atie maji kwenye mawe ya moto, nikaitikia, akafungua maji, na baada ya kimya kidogo joto likashuka juu ya mabega yangu polepole kutoka darini, zito, mpaka kwenye kucha. Baridi yote niliyoibeba toka nifike ikatoka siku ile. Tulipotoka kuoga akashika pindo la kanga akalipapasa, akatabasamu. Hatukuwa na lugha moja hata kidogo. Baada ya hapo nilikuwa nalala usingizi wa mtoto mchanga. Ukiwa kule kwa wiki moja nenda mapema, usiiache siku ya mwisho.

Chakula, supu ya samaki aina ya salmoni, ina viazi na maziwa na majani mabichi yaitwayo dill yenye harufu nzuri, utaikuta kwenye lile soko la ndani la zamani pale bandarini, jengo la 1889. Kila mgahawa una yake. Halali usihangaike, panda metro mpaka Itäkeskus halafu tembea kidogo mpaka Puhos, ni jengo la maduka la zamani ambalo Wasomali na wahamiaji wengine wamelifanya lao. Nilimkuta mzee Msomali anauza nyama, nikamuuliza kwa Kiingereza changu, akanitazama usoni akaniuliza kwa Kiswahili, "Binti, umetoka wapi na baridi hii?" Kakulia Eastleigh, Nairobi. Nikamwambia Tanga, mzee wangu. Akaniitia kiti, akaagiza chai ya maziwa na sambusa, akakataa pesa. Ndugu yangu wa damu hajapokea simu, na mtu asiyenijua kanipa kiti. Sitaki kuliongeza neno hilo.

Kuteleza ni hatari kuliko baridi, nawaambia. Nyuzi sifuri, theluji ikiyeyuka na kuganda tena, ni mbaya kuliko kasoro kumi na tano kavu, yaani nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, kwa sababu kasoro kumi na tano theluji inakukamata chini ya kiatu, lakini sifuri inakuwa kioo chenye maji juu. Manispaa inamwaga kokoto ndogo kwenye njia za miguu, tembea juu ya kokoto. Piga hatua fupi, uzito uwe mguu wa mbele, mikono itoke mifukoni. Wanauza vibao vya mpira vyenye misumari vya kuvalisha kiatu, nunua siku ya kwanza. Na ukiona ubao umeegemezwa ukutani au utepe umefungwa njiani, hama upande wa pili wa barabara, juu ya paa kuna barafu inataka kushuka au watu wanaisukuma, na kipande cha barafu toka ghorofa ya tano hakichagui mgeni na mwenyeji.

Watu wa kule hawasalimii hovyo. Utakaa kwenye tramu na kiti cha pembeni yako kitabaki kitupu mpaka tramu ijae, usikichukulie moyoni, wanakaa hivyo hata wao kwa wao. Nilipopotea kwenye theluji usiku nikasimama natazama ramani mwanamke akasimama bila kuitwa, akanisindikiza mpaka mlango wa hosteli, afu akageuka kurudi njia yake bila hata kungoja shukrani. Nimewahi kusindikizwa kwa maneno mengi zaidi na nikafika pabaya.

Wanawake wenzangu, hasa nyie mnaonisoma mkiwa na pesa zenu mmedunduliza kwenye vikoba na mnasubiri mtu wa kwenda naye, au mwenyeji wa kuwapokea, au msimu ambao hautamuudhi mtu: mnasubiri nini? Mwenyeji akiwepo Alhamdulillah, ila malazi yako ya siku za mwanzo lipia wewe, bima yako kata wewe, ramani isome wewe kabla hujapanda ndege. Nilizoea kuomba ruhusa kwa kila mtu, na kila mtu alikuwa na sababu ya kunizuia, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia mwaka nilioupoteza nikingoja. Anayekutakia mema atakuuliza unahitaji sweta au soksi. Anayekutisha tu bila kukupa hata soksi, mwache aendelee na mambo yake.

Na kama siku zako zinatosha ongeza Tallinn, mji mkuu wa Estonia, meli ni masaa mawili hivi kukatiza ghuba na visa yako ya Schengen inakufikisha, mji wao wa kale una kuta na minara na nyakati hizi hauna msongamano. Beba pasipoti.

Mambo ya makaratasi kwa kifupi maana yanabadilika, angalieni wenyewe ubalozini. Ada ya visa kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue euro 30,000, na unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku kumi na tano kabla. Hosteli ukitaka nzuri karibu na stesheni, Januari zinapatikana na bei iko chini kuliko kiangazi, ila chagua yenye chumba cha kukaushia nguo au hata chuma cha kupasha joto kikubwa chumbani, uliza kabla ya kulipa. Toka uwanja wa ndege panda treni, ya I au ya P zote zinafika stesheni kuu kwa kama nusu saa, tiketi iwe ya kanda ABC. Anayetaka Januari ijayo aanze makaratasi Agosti, miadi inapatikana bila presha.